Mfumo Ukigoma Kibaoni, Nani Ataurudisha?

Kutoka Mpanda mjini hadi Kibaoni barabara inapita Sitalike na kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi kabla ya kuibukia upande wa Mpimbwe. Kompyuta inayotunza kumbukumbu za kituo cha afya ikizima saa tatu asubuhi, fundi mwenye uzoefu huenda yuko upande wa pili wa hifadhi hiyo. Kifaa kisichopatikana Mpanda kinaagizwa Mbeya, Mwanza au Dar es Salaam, nacho kinakuja kwa basi. Mama aliyekaa kwenye benchi na mtoto mwenye homa hawezi kungoja basi.

Kibaoni ina shughuli zake nzito. Ni nyumbani kwa Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina kampasi huko yenye jina lake. Pande zote za Mpimbwe kuna shule, huduma za afya, ushirika, biashara ya mpunga na mawakala wa fedha, na karibu kazi hizo zote sasa zinapita kwenye kompyuta au simu. Tangu 2017 malipo ya serikali yamekuwa yakihamia kwenye mfumo wa GePG, ambapo mwananchi anapewa namba ya malipo kabla hajatoa hata shilingi. Fedha za halmashauri zinalipwa kupitia MUSE, mapato yanakusanywa kwa mashine za POS, na vituo vingi vya afya vya umma vinatumia GoTHOMIS kumfuatilia mgonjwa kuanzia mapokezi hadi dirisha la dawa. Mabadiliko hayo yameleta uwazi na yamebana mianya ya wizi. Pia yamefanya sentensi "mtandao hakuna" iwe na uwezo wa kusimamisha huduma ya watu wengi kwa mara moja.

Mijadala yetu ya usalama wa mifumo huanza na wadukuzi. Naona tunaanza pasipofaa. Kwa taasisi iliyo mbali na miji mikubwa, kipimo cha kwanza ni muda unaopita tangu huduma ikatike hadi irudi, tena irudishwe na mtu yeyote aliye zamu, hata kama mtaalamu yuko likizo. Taasisi inayoweza kurudi kazini ndani ya saa chache baada ya radi, wizi, kirusi au kosa la mtumishi imeshatatua sehemu kubwa ya usalama wake. Isiyoweza hilo itaangushwa na jambo dogo, hata ikiwa na programu za ulinzi za bei kubwa.

Ulinzi na upatikanaji haviachani

Wataalamu hutaja sifa tatu za mfumo salama: taarifa zisionwe na asiyehusika, zisibadilishwe kinyemela, na zipatikane zinapohitajika. Katika ofisi nyingi sifa mbili za kwanza zinaitwa usalama na kukabidhiwa afisa TEHAMA, huku ya tatu ikionekana ni kazi ya TANESCO na kampuni za simu. Mgawanyo huo hauendani na matukio tuliyoyaona.

Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani na kufunga mafaili ya kompyuta kikidai fidia. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha miadi na upasuaji. Chanzo kilikuwa pengo la ulinzi, lakini maumivu yalikuwa ya upatikanaji: daktari hakuweza kufungua kumbukumbu za mgonjwa. Julai 2023 serikali ya Kenya ilithibitisha kwamba jukwaa la eCitizen, lenye maelfu ya huduma za umma, lilikuwa limeshambuliwa. Washambuliaji walilifurisha kwa maombi ya uongo mengi kuliko uwezo wake, na wananchi waliotaka pasipoti, leseni na vibali wakakwama.

Mambo huenda kinyume pia. Umeme ukikatika ghafla wakati seva inaandika kwenye hifadhidata, rekodi zinaweza kuharibika bila mdukuzi yeyote kuhusika. Mtandao ukigoma, watumishi huanza kutumiana majina na majibu ya vipimo kwa WhatsApp za simu binafsi. Hapo kukatika kwa huduma kumeshazaa uvujaji wa siri. Afisa anayeshughulikia betri na anayeshughulikia nywila wanafanya kazi moja.

Kabla ya kununua chochote, basi, taasisi ikae ijibu maswali mawili kwa kila huduma. Tunaweza kukaa bila huduma hii kwa muda gani kabla mtu hajaumia au fedha hazijapotea? Na tuko tayari kupoteza kazi ya muda gani, ya saa moja au ya siku nzima? Majibu yatatofautiana. Rejista ya wodi ya wazazi haivumilii hata nusu saa. Orodha ya vifaa vya ofisi inaweza kungoja wiki. Chama cha ushirika kinavumilia mengi mwezi Februari kuliko siku ya kupokea mazao ya wanachama, wakati mizani inafanya kazi na kila gunia linaandikwa.

Asilimia nazo zichunguzwe. Mtoa huduma anayeahidi upatikanaji wa asilimia 99 anajiruhusu kukosekana kwa saa 87 na nusu hivi kwa mwaka, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Anayeahidi asilimia 99.9 anajiruhusu karibu saa tisa. Swali la kumuuliza ni saa hizo zitaangukia lini, kwa sababu saa tisa za usiku wa manane na saa tisa za siku ya kufunga hesabu za mwaka hazilingani.

Umeme: kazi ya kwanza ya ulinzi

Kwa miaka mingi Katavi ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa, na Mpanda ilitegemea majenereta ya dizeli. Mradi wa laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda, wenye urefu wa kilomita 383, ulibuniwa kuondoa hali hiyo. Gridi ni nafuu kubwa, ila nayo huzimika: Aprili 1, 2024 hitilafu iliiacha sehemu kubwa ya nchi bila umeme. Taasisi iweke mipango yake ikijua kwamba umeme utakatika, uwe wa gridi au wa jenereta.

Hapa makosa ya manunuzi ni mengi. Ofisi inanunua UPS ndogo kwa kila kompyuta ya mezani ikidhani imenunua umeme wa akiba. Kifaa hicho hutoa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, basi. Mtu akichomeka printa ya leza kwenye UPS hiyo hiyo, dakika zinaisha papo hapo, kwa kuwa printa ya aina hiyo huvuta umeme mwingi inapopasha moto. Miaka miwili au mitatu baadaye betri imechoka, hakuna aliyeipima, na kifaa kinabaki mezani kikiwasha taa ya kijani.

Hesabu bora huanzia kwenye kazi isiyoweza kungoja. Ruta hutumia takriban wati 10 na kompyuta mpakato takriban 45. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa 100 Ah inabeba saa-wati 1,200. Ikiwa ni ya risasi, inafaa kutumia nusu tu ili isife mapema, yaani 600. Ukiondoa kinachopotea kwenye inveta, dirisha moja la huduma linaendelea kwa zaidi ya saa nane, siku nzima ya kazi. Betri moja yenye paneli ya sola ya kuichaji inaweza kuilinda huduma muhimu kuliko jenereta kubwa ambalo dizeli yake hupatikana bajeti inaporuhusu. Kompyuta mpakato, kwa vile ina betri yake, inafaa kuliko ya mezani katika madirisha yasiyotakiwa kusimama.

Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua za ukanda huu huja na radi. Mshtuko wa radi hupitia nyaya za umeme, na pia hupitia waya wa mtandao uliotandazwa juu kati ya jengo moja na jingine. Nguzo nzuri ya ethi iliyopimwa na fundi, vizuia mshtuko kwenye laini kuu, na nyaya za nuru kati ya majengo vinaokoa seva na swichi. Vumbi la kiangazi nalo linaua kwa kuziba feni. Kusafisha ndani ya kompyuta kila miezi michache ni kazi ya nusu siku, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kununua nyingine.

Mtandao: njia mbili ziwe mbili kweli

Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Karani wa Katavi hakuwa na uwezo wowote wa kuzuia hilo. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Sababu za matukio hayo mawili ni tofauti kabisa, ila kwenye dirisha la huduma matokeo yalikuwa yale yale: mfumo ulio mbali haukufikika.

Ushauri wa kawaida ni kuwa na laini mbili. Ushauri huo una mtego. Kampuni mbili za simu zinaweza kuwa zimefunga mitambo yao kwenye mnara mmoja, wenye jenereta moja, na kupeleka mawasiliano kupitia Mkongo wa Taifa uleule. Mkongo ukikatwa na greda la barabarani, laini zote mbili zinakufa pamoja. Kabla ya kulipia laini ya pili, mkuu wa ofisi aiulize kampuni kwa maandishi: mnara wenu uko wapi, unawashwa na nini umeme ukikatika, na mawasiliano yanatokea njia ipi? Palipo na nafasi ya kuchagua, achague njia zinazotofautiana. Pasipo na nafasi, simu moja ya ofisi yenye laini ya mtandao mwingine na bando lisiloisha haraka ni akiba ya kutosha kutoa namba za malipo, alimradi inajaribiwa kila mwezi.

Hata hivyo, njia zote zinaweza kukatika. Ndiyo maana kila huduma muhimu inahitaji karatasi zilizoandaliwa mapema. Fomu nzuri ya dharura ya kituo cha afya ina namba ya mfululizo iliyochapwa, saa na tarehe, jina, umri na kijiji cha mgonjwa, kipimo kilichofanyika, dawa na idadi yake, fedha iliyopokelewa, na jina la aliyeandika. Chini kabisa kuna mstari mmoja: "Imeingizwa kwenye mfumo na ____ tarehe ____." Mstari huo ndio watu huusahau. Bila huo, mfumo ukirudi hakuna anayejua fomu zipi zimeshaingizwa, dawa zinahesabiwa mara mbili au hazihesabiwi, na mhasibu anakuta fedha isiyo na stakabadhi. Namba za mfululizo zinamwezesha msimamizi kuona mara moja kwamba fomu ya 14 haipo na kuitafuta siku hiyo hiyo, kabla mkaguzi hajaiulizia miezi sita baadaye.

Nakala za akiba ni zile zilizowahi kurudishwa

Mkulima wa mpunga wa Mpimbwe haweki mbegu ya msimu ujao kwenye gunia moja na mchele wa kula. Kanuni ya nakala za akiba ina busara hiyohiyo: nakala tatu za data, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Ofisi nyingi zina nakala moja, kwenye diski ya nje inayobaki imechomekwa kwenye kompyuta ileile mchana na usiku. Mwizi anaondoka na vyote viwili. Moto unaunguza vyote. Programu ya utekaji data inayofunga mafaili kwa nywila na kudai fidia hufunga pia kila diski inayoikuta imechomekwa. Diski ichomekwe wakati wa kunakili, ichomolewe, ikafungiwe kwenye sefu. Ya pili ikakae ofisi nyingine, nazo zibadilishane kila wiki. Zote zifungwe kwa nywila, kwa sababu diski yenye majina na majibu ya vipimo ikiibwa bila nywila ni aibu kwa mamia ya watu.

Kunakili peke yake hakutoshi. Januari 31, 2017 mtumishi wa kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandika programu duniani, alifuta kwa makosa hifadhidata ya seva iliyokuwa kazini. Kampuni ilikuwa na njia tano za kunakili. Walipozigeukia, waligundua kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Waliokolewa na nakala ambayo mtumishi mmoja alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine. Kama kampuni ya wataalamu watupu ilifika hapo, ofisi ya watumishi wanane isijidanganye kwamba taa ya diski inayomemeta ni ushahidi wa usalama.

Zoezi la kurudisha lifanyike angalau mara moja kila robo mwaka, na linaenda hivi. Ijumaa mchana huduma zikipungua, msimamizi anachukua diski kutoka kwenye sefu na kompyuta nyingine isiyo na data. Anaandika saa ya kuanza. Mtumishi asiye mtaalamu anafuata maelekezo yaliyoandikwa, hatua kwa hatua, huku mtaalamu akikaa pembeni amefunga mdomo. Data zikirudi, wanachagua rekodi tatu za wiki hiyo na kuzilinganisha na karatasi: jina, tarehe, kiasi. Wanaandika saa ya kumaliza. Kila mahali mtumishi alipokwama ni mahali ambapo maelekezo yana kasoro, na yanarekebishwa hapo hapo. Zoezi la kwanza huchukua saa nyingi na kuudhi watu. La tatu linakwenda bila mtaalamu kuitwa, na hapo ndipo taasisi inapopata haki ya kusema ina nakala za akiba.

Hapa wapo wanaosema: data zetu ziko kwenye mifumo ya serikali au kwenye mawingu ya kampuni kubwa, sisi hatuna cha kunakili. Ni kweli kwamba kuhamishia mifumo kwenye vituo vikubwa vya data kumezipunguzia ofisi mzigo mzito. Lakini fungua kompyuta ya mwalimu mkuu, ya katibu wa ushirika au ya mganga mfawidhi. Utakuta majedwali ya mahudhurio, mihtasari ya vikao, picha za miradi, hesabu za kambi, orodha za wanachama zilizoandaliwa kabla ya kuingizwa kwenye mfumo mkuu. Hayo hayako mahali pengine popote. Na kilicho kwenye mfumo mkuu kinafikiwa kwa akaunti, kwa hiyo akaunti ikipotea, data iliyo salama Dodoma haina faida Kibaoni.

Nani ana ufunguo

Tatizo kubwa la akaunti katika ofisi zetu ni kushirikiana. Mhasibu ana nywila, msaidizi wake anaijua, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliambiwa wakati wa msongamano na hakuna aliyeibadilisha alipoondoka. Fedha ikipotea, mfumo unaonyesha jina la mhasibu peke yake. Kila mtu awe na akaunti yake. Katika hili mtumishi mwaminifu ndiye anayelindwa kwanza, kwa kuwa jina lake halitabeba tendo la mwingine.

Mazoea ya kulazimisha watu kubadilisha nywila kila baada ya siku 30 yamepitwa na wakati. Tangu 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inashauri kwamba mabadiliko ya lazima ya mara kwa mara yaachwe, kwa sababu watu huongeza tu namba mwishoni na kuandika nywila kwenye karatasi. Kinachofaa ni nywila ndefu, mathalani maneno manne au matano ya Kiswahili yasiyohusiana, ibadilishwe kunapokuwa na dalili ya kuvuja. Juu yake uwekwe uthibitisho wa hatua mbili, hasa kwa barua pepe, mifumo ya fedha na akaunti za wasimamizi. Programu ya kutoa namba za uthibitisho ni salama kuliko ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu laini ya simu inaweza kusajiliwa upya na tapeli. Pia programu hiyo hufanya kazi hata mahali ambapo mnara umezimika.

Mtumishi akihama au kustaafu, akaunti yake ifungwe siku anayokabidhi ofisi, sambamba na funguo za mlango. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba kubwa la mafuta baada ya wahalifu kuingia kwa akaunti ya zamani ya kuunganishwa kwa mbali, isiyotumika tena, isiyokuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti moja iliyosahaulika ilitosha kusababisha foleni kwenye vituo vya mafuta vya mashariki mwa nchi hiyo. Kwetu, ambako uhamisho wa watumishi ni jambo la kila mwaka, akaunti za namna hiyo hujilimbikiza kimyakimya.

Masasisho na bei ya bando

WannaCry ilitumia pengo ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake Machi 14, 2017, karibu miezi miwili kabla. Waliosasisha kwa wakati walikuwa na kinga. Kwa nini ofisi zetu hazisasishi? Sababu ya kwanza ni bando: masasisho ya kompyuta kumi yanaweza kula fungu la mwezi. Sababu ya pili ni programu zisizo na leseni zilizowekwa na fundi wa mtaani, ambazo mara nyingi huja zikiwa zimezimwa masasisho ili zisigundulike. Sababu ya tatu ni umri: Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi zilizo kwenye meza zetu hazina sifa za kupokea toleo linalofuata.

Kila sababu ina jibu lake. Windows inaweza kupangwa kompyuta moja ishushe masasisho usiku, na zilizobaki ziyachukue kutoka kwake zikigusa bando kidogo tu. Mahali pa programu ya ofisi isiyo na leseni, LibreOffice inapatikana bure na inatosha kwa barua na majedwali mengi. Kompyuta kuukuu zisizopokea masasisho zinaweza kuwekewa Linux zikafanya kazi za kivinjari, baada ya kuhakikisha kwamba mifumo ya ofisi inafunguka humo.

Kusasisha nako kunataka utaratibu. Julai 19, 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani kwa siku moja. Viwanja vya ndege, benki na hospitali vilikwama. Iliyoleta madhara hayo ilikuwa programu ya ulinzi yenyewe. Palipo na uwezo wa kuamua, sasisha kompyuta moja isiyo muhimu sana, ingoje siku moja au mbili, ndipo uziruhusu nyingine.

Mtu mmoja hatoshi

Ukiondoa umeme, udhaifu mkubwa kuliko wote ninaouona ni ujuzi wa ofisi kukaa kichwani mwa mtu mmoja. Kijana anayejua kila kitu anapata uhamisho, anakwenda masomoni au anaugua, na nywila ya ruta inaondoka naye. Wakubwa humsifu kijana huyo kwa kuwa ofisi haiwezi kwenda bila yeye. Sifa hiyo ni taarifa ya hatari.

Dawa yake ni daftari la mfumo, la karatasi, linalokaa kwenye sefu. Ukurasa wa kwanza una orodha ya vifaa, mahali vilipo na tarehe ya kununuliwa. Wa pili una mchoro wa mtandao uliochorwa kwa mkono: ruta hii, swichi ile, waya huu unakwenda chumba kipi. Wa tatu una namba za simu za watoa huduma na namba za mikataba. Wa nne una maelekezo ya kuwasha kila kitu kwa mpangilio baada ya umeme kurudi. Zinazofuata ni kumbukumbu za matukio: tarehe, kilichoharibika, kilichofanyika, muda uliopotea. Nywila za wasimamizi zinakaa kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kutiwa saini na watu wawili. Bahasha ikifunguliwa, nywila hubadilishwa na bahasha mpya hufungwa.

Hata kampuni kubwa kabisa hukwama kwenye jambo hili. Oktoba 4, 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka kwa takriban saa sita baada ya kosa la usanidi, na urekebishaji ukachelewa kwa sababu zana ambazo mafundi wangezitumia zilitegemea mtandao uleule uliozimika. Maelekezo ya kufufua mfumo yasihifadhiwe ndani ya mfumo huo peke yake.

Kumbukumbu za matukio zinasaidia tu pale watu wanaposema kweli. Mtumishi aliyebofya kiungo cha kitapeli akijua atapewa barua ya onyo, atanyamaza hadi jioni, na saa hizo ndizo kirusi kinazozihitaji kusambaa. Mkuu wa ofisi atangaze waziwazi: anayetoa taarifa ndani ya dakika chache hataadhibiwa kwa kukosea. Hatua ya kwanza kwa kila mtu iwe rahisi kukumbuka, yaani chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, acha kompyuta ikiwa imewaka, kisha piga simu.

Mikataba na sheria

Usalama wa taasisi unaenea hadi kwa wanaoihudumia. Oktoba 2020 nchini Uganda, miamala kati ya benki na mitandao ya simu ilisimamishwa baada ya wahalifu kuingilia kampuni ya Pegasus Technologies iliyokuwa ikiunganisha huduma hizo. Benki na kampuni za simu zenyewe hazikuwa mlango. Kila mkataba wa mfumo useme nani anamiliki data, zitarejeshwa kwa muundo gani mkataba ukiisha, fundi atafika au kuunganisha kwa mbali ndani ya saa ngapi, na nani anashika akaunti kuu. Jina la tovuti lililosajiliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi liko mikononi mwa fundi, hata kama ofisi ndiyo inayolipa.

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa Aprili 2024. Taasisi inayokusanya majina, namba za simu na taarifa za afya inatakiwa kujisajili na kuzilinda, iwe Posta ya Dar es Salaam au Kibaoni. Kwa matukio makubwa kipo TZ-CERT, kitengo cha kitaifa cha kukabiliana na dharura za kompyuta kilicho chini ya TCRA. Namba yake iwe kwenye ukurasa wa tatu wa daftari.

Kazi ya mwezi wa kwanza

Sehemu kubwa ya niliyoyaeleza haihitaji fedha nyingi. Daftari, bahasha, fomu zilizochapwa, diski mbili za nje na betri moja vinaingia kwenye bajeti ya taasisi ya kawaida. Kinachokosekana ni amri ya mkuu wa taasisi, kwa kuwa afisa TEHAMA hana mamlaka ya kumlazimisha mhasibu kufunga akaunti wala mganga kuruhusu zoezi la Ijumaa.

Mkuu huyo aanze na mambo matatu ndani ya mwezi mmoja. Wiki ya kwanza aitishe orodha ya akaunti zote na azifunge za walioondoka. Wiki ya pili zinunuliwe diski mbili na nakala ya kwanza itolewe nje ya jengo. Wiki ya nne nakala hiyo irudishwe kwenye kompyuta nyingine mbele yake, na muda uliotumika usomwe kwenye kikao cha menejimenti kama yanavyosomwa mapato na matumizi. Baadaye muda huo uwe kipengele cha taarifa ya kila robo mwaka.

Halmashauri, wizara na wafadhili nao wana wajibu. Kila wanapoleta mfumo mpya wilayani, bajeti yake ibebe fungu la betri, laini ya akiba, mafunzo ya watu wawili na mazoezi ya kurudisha. Mfumo unaoletwa bila fungu hilo unahamishia gharama zake kwa mgonjwa, mkulima na mwanafunzi, wanaolipa kwa siku zao na nauli zao kila unapogoma. Hao ndio wenye haki ya kuuliza utarudi lini, na taasisi inapaswa kuwa na jibu lililopimwa kwa saa.